Utangulizi wa Utengolojia: Matengo na Aina Zake katika Paipulaini

Mwanafunzi wangu, kaa wima. Pasipo Utengolojia, ustaarabu ungali ukisakinisha matoleo mawili ya maktaba moja kwenye kompyuta moja, kama wake wenza wanaogombea jiko.

Fasili. Tengo ni mahali ambapo programu hujengwa na kupimwa bila kudoea vya jirani. Tengo si chumba. Anayeliita chumba arudie muhula.

Aina ya 1: Tengo-folda. Liliingia rasmi katika Python 3.3, mwaka 2012, kwa jina la venv. Lina hali mbili, ambazo wasomi dhaifu huzichanganya:

(a) Uamsho. Ukiliamsha, folda yake hutangulizwa katika orodha ya PATH. Basi, hakuna muujiza mwingine.

(b) Usahaulifu-hatua. Katika paipulaini nyingi, yaani mifumo inayojenga na kupima programu hatua kwa hatua, kila hatua hufungua sheli mpya. Hatua ya kwanza huliamsha tengo. Ya pili haina habari, nayo husakinisha maktaba kwa mwenyeji, yaani kompyuta yenyewe. Tiba ni kuandika njia kamili, .venv/bin/python, kila mara, kama majina matatu kwenye fomu ya serikali.

Aina ya 2: Tengo-mzizi. Ni chroot ya Unix, toleo la 7, mwaka 1979. Programu huambiwa kwamba folda fulani ndiyo mzizi wa dunia, nayo husadiki.

Aina ya 3: Tengo-kontena. Docker ililieneza kuanzia 2013. Lina mafaili yake na mtandao wake, ila kerneli ni ya mwenyeji. Usiliite chumba, ni mpangaji anayechota maji kwenye bomba la wote.

Aina ya 4: Tengo-kauli. Hujitokeza ujenzi unapokwama, mwandishi wa programu anapotamka: "Mbona kwangu inafanya kazi?" Kilichotengwa hapa ni lawama. Halihitaji diski, wala halifutiki.

Kanuni Kuu. Tengo libomolewe na kuundwa upya kila ujenzi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: tengo jipya hufika mikono mitupu, hukosa maktaba iliyosahauliwa katika orodha ya requirements.txt, na siri iliyofichwa na kompyuta ya mwenyeji miezi sita huanikwa asubuhi moja.

Zoezi. Tofautisha tengo lililolala na tengo ambalo halijaamshwa. (Alama 40. Majibu mafupi hayatasomwa.)