Naomba Kuandikishwa Kama Kontena

Kwa Waheshimiwa wa Wizara ya Barabara na Uchukuzi,
Pamoja na wote mlio chini yake, wa ndege na wa reli.

KUH: OMBI LA KUBADILISHIWA HADHI KUTOKA ABIRIA HADI KONTENA

Natumai barua hii kutoka Mombasa itawakuta mmekaa meza moja. Wa viwanja vya ndege na wa reli mwala mshahara chini ya wizara ile ile, lakini sisi huku chini mwatufikia kama watu mliokosana zamani na hakuna anayekumbuka sababu.

Kwanza pokeeni pongezi. Desemba 2018 Qatar Airways ilitua uwanja wetu wa Moi kutoka Doha. Januari 2024 ikaja flydubai. Katikati ya mwaka huo huo Jambojet ikaanza kuruka moja kwa moja kutoka Mombasa hadi Zanzibar, na hii ndiyo iliyotugusa zaidi. Wazee wetu walikuwa wakitweka tanga hapa Bandari ya Kale na kushuka Unguja bila kumpigia hodi mtu wa Nairobi. Kisha tukapata maendeleo. Wengi wetu tukawa twaruka zaidi ya kilomita 400 kwenda bara, twangoja, twageuzwa tena kuelekea baharini, ili tufike kisiwa ambacho hakifiki kilomita 300 kutoka mlangoni petu. Kwa kuturudishia jambo alilokuwa nalo nahodha wa jahazi, ahsanteni sana.

Njia mpya ya ndege nayo hufunguliwa kwa heshima zake. Magari ya zimamoto huimwagia ndege maji huku na huku. Ngoma hupigwa juu ya lami inayochoma nyayo. Waheshimiwa hujipanga kwa vyeo, kisha huletwa keki, na kila mkuu huweka mkono juu ya kisu kile kile mpaka kisu chenyewe hakionekani. Mimi sina neno na keki. Nasema tu kwamba sijaona bado ikikatwa ya kumsherehekea abiria aliyefaulu kutoka uwanjani akafika anakokwenda.

Reli ya kisasa, SGR, nayo hatuidharau. Tarehe 31 Mei 2017 ilizinduliwa kwa shangwe: kilomita 472 mpaka Nairobi, na bili ya shilingi bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka China. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 700, ikapanda, na Januari 2024 ikafika 1,500. Twalipa. Treni ni safi, yaenda kwa saa, na dirishani mtu humwona ndovu wa Tsavo bila kulipa kiingilio.

Sasa nije kwenye shida yangu. Stesheni mliiweka Miritini. Eapoti iko Port Reitz. Zote mbili ziko upande mmoja wa maji, hakuna feri ya kungoja wala kisiwa cha kuvuka, na kati yao ni mwendo mfupi wa gari. Hata barabara ya Dongo Kundu, ambayo kipande chake cha kwanza kilifunguliwa 2018, imepita huko huko. Mlikuwa na ndege, mkawa na treni, mkawa na lami. Kilichobaki ni mtu wa kumtoa abiria huku na kumfikisha kule, na huyo, naona, hakuwa kwenye mchoro.

Mchukulieni bibi mmoja wa Voi anayekwenda Unguja kwenye harusi ya mjukuu wake. Amepanda treni ya mchana inayosimama kila kituo, ameshuka Miritini na begi moja la nguo, na mfuko wa maembe aliokataa katakata kuuacha. Anatoka nje kwenye jua.

"Eapoti, mama?"

"Eapoti, mwanangu. Ngapi?"

"Elfu moja."

"Elfu! Mimi nimetoka Voi kwa pesa chini ya hiyo."

"Mama, treni ni ya serikali. Hii yangu yanywa petroli."

Kijana wa tuktuk hana kosa. Yeye ndiye mtu pekee katika nchi hii aliyegundua kwamba stesheni na eapoti ni za safari moja, na ugunduzi una bei yake. Shida ni kwamba tiketi mbili zilizo mkobani mwa bibi hazijuani. Treni ikichelewa, ndege haina habari. Ndege ikiahirishwa, treni ya jioni haina huruma. Atakayebaki na hasara ni bibi, na maembe yake.

Najua mtanijibu kwamba abiria wa kutoka treni kwenda ndege ni wachache. Ni wachache, na watazidi kupungua. Bibi huyu mwaka huu kalipa elfu. Mwakani atapanda basi mpaka Lungalunga, avuke Horohoro, alale Tanga kwa shemeji yake, na afike Unguja siku ya pili akiwa na stori nyingi kuliko mizigo. Nyinyi mtatazama vitabu vyenu na kuandika: hakuna mahitaji.

Wala sisemi ni uonevu wa pwani. Nairobi nao wamegawiwa haki hiyo hiyo. Rais Mwai Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau Novemba 2012, na tukaambiwa reli itaendelea mpaka eapoti ya JKIA. Baadaye SGR nayo ikaja kuishia jirani hapo hapo Syokimau. Abiria wa leo aweza kusimama stesheni, akaona ndege ikishuka kwa macho yake mawili, kisha akatafuta teksi. Wakati huo Afrika Kusini walikuwa na haraka zao: Gautrain ilianza kubeba watu kati ya eapoti ya O.R. Tambo na Sandton tarehe 8 Juni 2010, siku tatu kabla ya Kombe la Dunia. Sisi pengine twangoja tuandae la kwetu.

Ndipo nilipoanza kulionea kontena wivu.

Kontena likifika Kilindini halimuulizi mtu njia. Reli ya SGR imelifuata mpaka bandarini. Winchi inaliinua kwa upole, inalishusha juu ya behewa, na hakuna anayelibembeleza bei. Lina namba, lina sili, lina hati inayosema limetoka wapi na laenda wapi. Likichelewa kuna makarani wa kulitafuta. Lina hata siku za kukaa bure kabla ya kuanza kutozwa, ilhali bibi wa Voi akikaa juu ya begi lake nje ya stesheni muda mrefu kidogo, askari atamuuliza anangoja nini.

Na kontena linapendwa. Agosti 2019 lilipendwa mpaka likatolewa amri lipande treni litake lisitake. Watu wa malori wakaingia barabarani, Mombasa ikasimama, na amri ikasimamishwa. Mimi tangu nizaliwe sijasikia amri ya kumlazimisha abiria wa ndege apande treni. Sijasikia hata ya kumwezesha.

Kwa hivyo, waheshimiwa, naomba rasmi kuandikishwa kama kontena. Masharti yangu ni mepesi. Nitakubali kupigwa sili, ila ipite chini ya kidevu ili niweze kupumua. Nitakubali kupimwa uzito hadharani. Nitakubali kupangwa na wengine, mradi nisiwe wa chini. Sitadai kiti, dirisha wala chai. Nataka lile tu ambalo shehena ya mitumba hupewa bila kuomba: nikishushwa chombo kimoja, chombo cha pili kiwe chajua kwamba naja.

Endapo sheria za forodha hazimruhusu mtu mwenye roho kuwa shehena, nina ombi la pili, nalo ni dogo mpaka naona haya kulitaja. Basi moja. Liwe la saa maalumu, lingoje mlangoni pa stesheni kila treni ifikapo, hata ile ya usiku inayoingia Miritini kabla ya adhana ya alfajiri, kisha lirudi na waliotua. Nauli yake iandikwe ubavuni ili isibadilike kulingana na sura ya abiria. Stesheni pawe na ubao unaoonyesha ndege, na eapoti pawe na ubao unaoonyesha treni. Na mkijaliwa, iuzwe tiketi moja ya safari nzima, ili treni ikichelewa kuwe na afisi ya kubeba lawama. Hilo la mwisho najua ndilo gumu, kwa sababu lawama ndiyo shehena pekee ambayo bandari hii haijapata mpokeaji wake.

Basi halihitaji mkopo wa China. Halihitaji zimamoto. Mkitaka keki, wanawake wa Magongo watawakaangia mahamri siku hiyo hiyo, na mkono wa kila mkuu utapata hamri lake.

Mkishindwa na basi, nileteeni fomu ya kontena nitie sahihi. Hatari zake nazielewa. Treni za mizigo zaenda Embakasi na Naivasha, kwa hiyo naweza kuondoka kwenda harusini Unguja nikajikuta Naivasha, nimezungukwa na vigae na matairi. Lakini hata huko atatokea karani mwenye karatasi mkononi, asome namba yangu, atazame sili, aseme: huyu amefika, na anapaswa kupelekwa mahali fulani. Miritini, kwa abiria, karani huyo hajaajiriwa.

Wenu mtiifu,

Abiria wa Mombasa
(Urefu: futi tano na nusu. Uzito: hutegemea maembe. Sili: haijavunjwa.)