Wembamba Una Gharama

Mwaka 2007 Asus walitoa Eee PC, kikompyuta cha bei nafuu chenye matundu matatu ya USB, tundu la kadi ya kumbukumbu, la waya wa intaneti na hata la projekta. Mwaka 2010 ikaja iPad, bibi harusi kamili: nyembamba, inang'aa, haina pa kuchomeka flashi. Ulitaka kuhamisha picha za kamera? Vipande viwili vya plastiki viliuzwa kando, dola 29. Basi mwenye kishikwambi akawa anatembea na kimkoba cha adapta, kinene kuliko kile kikompyuta alichokicheka. Maendeleo hayo, ati! Tundu la USB-C lilifika 2018, kwenye iPad Pro. Moja tu. Ukichaji, flashi isubiri zamu.