Barua ya Wazi kwa Baraza la Kata: Naomba Cheti cha Kushindwa

Waheshimiwa Mwenyekiti, Katibu na Wajumbe wa Baraza,
Ofisi ya Kata (jina nalihifadhi, mnajijua).

YAH: MAOMBI YA CHETI CHA KUSHINDWA KUSULUHISHA MGOGORO WA MPAKA

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Kwanza nawapa pole na majukumu. Pili nawapa hongera, maana ofisi nyingi za umma hushindwa kazi kienyeji tu, bila utaratibu. Ninyi kushindwa kwenu kumewekwa kwenye sheria, kuna saini na muhuri wake. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua nani mwenye haki kwenye ardhi. Lile baraza la zamani, lililosikiliza mashauri ya ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 3 na kutoa uamuzi, limebaki kwenye makabrasha. Siku hizi mnapatanisha. Mkishindwa, mnathibitisha kwa maandishi kwamba mmeshindwa, na mwananchi anakwenda na karatasi hiyo kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo, waheshimiwa, sikuja ofisini kwenu kudai haki. Nimekuja kudai kushindwa kwenu, na hata huko naambiwa nirudi Alhamisi.

Kwa faida ya wajumbe ambao siku ya kikao walikuwa msibani, nieleze kidogo. Kati yangu na jirani palikuwa na ua wa minyaa. Minyaa ina utomvu mbaya wa macho lakini haina tamaa. Ilikaa palepale ilipopandwa na mwenye shamba aliyetuuzia sote. Urasimishaji ulipofika mtaani kwetu, wapimaji waliufuata ua huohuo, wakazika bikoni, kila mmoja akatia saini kwamba ameona mpaka na ameridhika. Jirani alitia saini kabla yangu, tena kwa kalamu yangu. Halafu Ijumaa moja jioni, ofisi zimeshafungwa, likaingia lori la tofali. Mafundi walijenga usiku kwa taa ya jenereta. Jumatatu asubuhi minyaa ilikuwa imelala barabarani, na ukuta wa tofali za inchi sita umesimama hatua moja na nusu ndani ya kwangu. Serikali hailali, najua, lakini Jumamosi na Jumapili husinzia kidogo, na hilo kila fundi ukuta wa Dar es Salaam analijua.

Bikoni ya kona ya nyuma bado ipo. Kuiona kunahitaji kuomba ruhusa kwa jirani, maana sasa imo ndani ya banda lake la kuku. Nondo imechomoza kidogo juu ya zege, na juu yake pamewekwa sufuria la maji ya vifaranga. Namba inasomeka vizuri tu ukishafuta kinyesi. Naandika haya yaingie kwenye kumbukumbu, kwa sababu kwenye daftari la Katibu imeandikwa kwamba bikoni haikuonekana.

Nawashukuru sana kwa kuja kutembelea eneo la mgogoro. Nilielewa kwamba kata haina usafiri, nikaleta bajaji mbili, pamoja na hela ya maji kama nilivyoelekezwa. Siku ile, kwa kweli, mlifanya kazi. Mjumbe mmoja alitoa tepu ya fundi seremala, ya mita tano. Upande wa kiwanja changu una mita ishirini na kitu. Kila ikifika tano, mjumbe alikita kidole gumba ardhini, tepu ikahamishwa, na kidole kikainuka kabla tepu haijafika. Tulipima mara tatu, tukapata viwanja vitatu. Cha kwanza kilinipendelea mimi. Cha pili kilimpendelea jirani. Cha tatu kiliishia chooni kwa mama wa nyumba ya pili, ambaye mpaka asubuhi ile hakuwa na mgogoro na mtu. Nikatoa hati yangu, yenye ramani na vipimo vilivyoandikwa mpaka sentimita. Mwenyekiti akaniambia kwa upole kwamba makaratasi huleta chuki kati ya majirani.

Sheria hairuhusu wakili kusimama mbele yenu kama wakili. Jirani akaliheshimu hilo kikamilifu: alikuja na shemeji yake, ambaye ni wakili, akajitambulisha kama shemeji, kisha akaongea kishemeji saa nzima huku akitaja vifungu. Ni yeye aliyenikumbusha, akitabasamu, kwamba madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Nikaelewa kwa nini ukuta ule upande wa jirani umeshapigwa lipu na kupakwa rangi. Jamaa ameanza kuhesabu. Upande wangu ameniachia tofali tupu, nanyi katika mapendekezo yenu mkashauri mlalamikaji apige lipu upande wake, kwa gharama zake, iwe ishara ya ujirani mwema.

Pendekezo lenu kuu lilikuwa kwamba ile hatua moja na nusu tugawane nusu kwa nusu, yaishe. Hapa, waheshimiwa, naomba nitoe kejeli mezani kidogo. Ukimpatanisha aliyesogea na aliyekaa palepale kwa kuwakutanisha katikati, aliyesogea amelipwa. Akisogea tena mwakani, tutagawana tena, na kwa mwendo huo kikao chetu cha tatu kitafanyika sebuleni kwangu. Tena tunagawana nini? Ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake. Mimi nina hati ya miaka 99 tu. Sidhani kama Ikulu iliulizwa kuhusu hiyo nusu kwa nusu.

Yupo mama mmoja kati yenu, mzaliwa wa Marangu, ambaye alisema neno kikao kizima kikanyamaza. Alisema kwao vihamba, yaani mashamba ya ukoo, hupakana kwa mimea ya masale, na sale hilohilo ndilo mtu hulibeba anapokwenda kuomba radhi. Ukiletewa sale, kukataa kusamehe ni aibu kubwa. Jirani aliinamisha kichwa. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari kusamehe na tofali. Katibu akasema hoja ni nzuri ila kwenye fomu haina pa kujazwa.

Nami sikatai kupatanishwa. Huyu ndiye atakayenibishia hodi wa kwanza nikifiwa usiku, nami ndiye nitakayemkimbiza mtoto wake hospitali. Lakini mpaka haupatikani kwa kuombana. Mngemwita mpima wa halmashauri afufue mipaka kwa koordineti zilizomo kwenye ramani ya upimaji, ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Baada ya hapo mngekuwa na watu wawili wanaojua mstari ulipo, mmoja wao akiwa na aibu, na watu wa namna hiyo hata mtoto anaweza kuwapatanisha. Ninyi mlianza na msamaha, mkamalizia na tepu.

Siku 30 zimepita. Nimeisoma tena sheria, nikakuta walioitunga waliwajua vizuri kuliko mimi: inasema Baraza la Kata lisiposuluhisha mgogoro ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kwenda wilayani bila cheti. Kwa hiyo mmeshindwa hata kushindwa, na sheria ilishawatengea nafasi.

Hata hivyo cheti bado nakiomba. Jirani anatangaza mtaani kwamba Baraza limempa ushindi, na mwenye duka ameshaanza kumwita Bwana Mipaka. Ninyi hamna mamlaka ya kumpa mtu ushindi. Karatasi yenye muhuri inayosema hamkuweza lolote ndiyo ushahidi pekee nitakaoweza kuubandika dukani.

Naomba kuwasilisha.

Mlalamikaji

Nakala:
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, kwa taarifa.
Jirani, apelekewe kwa kuzungukia barabarani. Uani hakuna njia tena.