Namna ya Kutapeliwa Vizuri Ukiwa Kwenye Kochi

Weka simu mbali kwanza. Tapeli wa kwenye runinga anataka macho yako yote mawili, na anayestahili kupewa ni Hustle, tamthilia ya BBC iliyorushwa kuanzia 2004 hadi 2012. Ina sehemu 48 za genge la London ambalo, kwa misimu mingi, linaongozwa na Mickey Bricks, yaani Adrian Lester.

Ukishaketi, mtafute mlafi. Kila sehemu ina wake, na mzee Albert Stroller, aliyeigizwa na Robert Vaughn, ndiye kwa kawaida anayemnasa. Sheria ya genge ni moja: mtu mwaminifu hatapeliki. Kwa hiyo usimwonee huruma mlafi yule. Waandishi wametoka jasho ili upate haki ya kumcheka.

Anza na sehemu inayofungua msimu wa nne, wa mwaka 2007. Genge limevuka hadi Los Angeles, na linamuuzia tajiri bango la Hollywood. Usigune. Mwaka 1925, Victor Lustig alijifanya ofisa wa serikali ya Ufaransa, akawaita wauza vyuma chakavu hotelini Paris, akawanong'oneza kwamba Mnara wa Eiffel utavunjwa kwa kuwa matengenezo yake ni ghali. Inasimuliwa kwamba aliyenasa alitoa na rushwa juu, ili zabuni isimponyoke. Ufundi wote umelala hapo: aliyehonga ataendaje polisi? Na bango lenyewe, liliposimamishwa mwaka 1923, lilisomeka HOLLYWOODLAND. Lilikuwa tangazo la kuuzia viwanja!

Dakika za mwisho, mambo yataharibika. Polisi watavunja mlango, mtu ataanguka na damu kifuani. Tulia. Muda si mrefu utarudishwa nyuma uonyeshwe kilichopita mbele ya pua yako. Sasa chukua rimoti, urudi mwenyewe ukakague. Kama mkoba ulibadilishwa ukiwa unautazama, umetapeliwa kihalali, wape mkono wa hongera. Kama jibu limetoka kwenye jambo ambalo halikudokezwa popote, mwandishi amekuibia saa yako nzima. Mimi kwa huyo sina msamaha, hata waigizaji wake wawe wazuri vipi.

Halafu zima runinga, kwa sababu ile sheria ya genge haivuki kioo. Ujumbe wa matapeli wa simu, "ile pesa tuma kwenye namba hii", haumchagui mlafi. Unamfikia mama aliyekuwa anajiandaa kumtumia mwanawe ada, naye anatuma, kwa haraka na kwa upendo. Hakutamani cha mtu. Hakuna muziki, hakuna kurudishwa nyuma, na pesa imekwenda.

Basi ukimaliza kucheka, mpigie mzazi wako usiku huohuo. Mwambie asitume hata shilingi mpaka ampigie mwenye kuidai, kwa namba anayoijua siku zote, na aisikie sauti yake.