Ekari ya Miguu ya Dalali

Mtanzania akienda buchani kununua nusu kilo ya nyama, huikodolea macho mizani mpaka muuzaji aone haya. Mtu huyohuyo akienda Mkuranga au Kilosa kununua ekari tano za shamba, huridhika zipimwe kwa miguu ya dalali. Hatua sabini huku, sabini kule, hiyo ekari moja. Bosi, hesabu pesa. Mimi nasema shamba lipimwe kwa kamba kama nyama inavyopimwa kwa mizani, na ushahidi ni hesabu ya darasa la tano.

Ekari ni yadi za mraba 4,840, kama mita za mraba 4,047. Sabini mara sabini ni 4,900, kwa hiyo kanuni ya hatua sabini si ya kijinga hata kidogo, mradi kila hatua iwe yadi moja, yaani sentimita 91. Kasheshe ni kwamba dalali ana hatua za namna mbili: ile ya kufuatia pesa, na ile ya kupimia, anayoitembea kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Tuseme hatua ya bibi harusi ni sentimita 60. Sabini zake ni mita 42, na 42 mara 42 ni 1,764. Umelipia ekari, umepata chini ya nusu! Hapo bado hajapigiwa simu kwenye hatua ya 38 akarudi na kuendelea na ya 45.

Mtasema babu zetu walipima kwa hatua na hawakugombana. Sawa, lakini aliyewauzia alikuwa jirani. Akikupunja leo, kesho mnakaa jamvi moja msibani. Dalali wa sasa kesho hapatikani hewani. Wengine watanionyesha karatasi yenye muhuri wa kijiji. Kupita ofisi ya kijiji ni lazima, ila muhuri hauna miguu: hugongwa juu ya ekari zilizotajwa, si zilizopo. Ati kumtolea kamba mzee anayeuza shamba ni kumvunjia heshima? Muuza vitenge, kitambaa chake hupimwa kila siku na hanuni.

Halafu kuna sifa ile ya “shamba lina mto”, inayopandisha bei papo hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kuharibu kingo ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ubavu wa ekari ya mraba hauzidi mita 64. Waweza kujikuta umenunua mandhari, pamoja na mita nne za kupanda mchicha.

Kwa hiyo, ndugu mnunuzi, siku ya kwenda shamba beba futi kamba ya mita 50, na wa kushika ncha ya pili asiwe dalali.