Ngeli za Muuaji: Uainishaji wa Awali wa Riwaya za Upelelezi Zilizohamia Kwenye Skrini

Ikisiri

Makala haya yanachunguza yanayoipata riwaya ya upelelezi inapohamishwa kutoka kwenye karatasi na kupelekwa kwenye skrini. Wataalamu waliotangulia wameligawa suala hili katika makundi mawili tu: "kitabu kilikuwa kizuri zaidi" na "mimi sijasoma kitabu." Uainishaji huo una mapungufu. Makala yanapendekeza mfumo wa ngeli, unaofahamika kwa kila aliyewahi kuadhibiwa darasani kwa sababu ya upatanisho wa kisarufi, na yanafikia hitimisho ambalo mtafiti mwenyewe hakulitarajia. Majina ya wauaji yamefichwa kwa kuzingatia maadili ya utafiti.

Tatizo la Utafiti

Riwaya ya upelelezi huficha kwa kunyamaza. Mwandishi akisema kuna mtu alipita ukumbini usiku akiwa na kitu mkononi, yameisha. Msomaji hana wa kumuuliza. Kwetu, kwa Kiswahili, mambo ni mepesi zaidi, maana kiambishi a- kinaweza kumbeba muuaji kurasa mia mbili bila kutuambia kama kavaa suruali au gauni. Kamera haina kiambishi hicho. Ikimwonyesha mtu, imemwonyesha na viatu vyake. Ikimkwepa, mtazamaji anagundua kwamba inamkwepa, na papo hapo anaanza kuhesabu nani hayupo sebuleni.

Kuna tatizo la pili, nalo ni la kiuchumi. Kitabuni wahusika wote hulipwa sawa, yaani hawalipwi. Kwenye filamu, ukimwona mwigizaji mashuhuri amepewa nafasi ya mtunza bustani mwenye sentensi mbili, unajua hakuletwa kumwagilia maua. Tuiite hii Kanuni ya Mshahara. Sidney Lumet aliishinda alipoongoza Murder on the Orient Express mwaka 1974. Alilijaza behewa nyota watupu: Sean Connery, Lauren Bacall, Vanessa Redgrave, Anthony Perkins, Ingrid Bergman, hadi mtazamaji akakosa wa kumshuku kwa ukubwa wa jina lake. Bergman aliondoka na tuzo ya Oscar kwa nafasi yake ndogo. Mtafiti anasisitiza kwamba hilo si ushahidi dhidi yake.

Mbinu na Nadharia

Usampulishaji ulikuwa lengwa, maana yake mtafiti alichagua anazozipenda. Uwanda wa utafiti ulikuwa kochi. Utafiti uliongozwa na Nadharia ya Jirani Msemaji, inayodai kwamba palipo na watazamaji wawili au zaidi, mmoja wao ameshaiona na hawezi kuvumilia. Wanaoipinga nadharia hii hawajawahi kuingia kibanda umiza.

Ngeli ya A-WA: Mtu Hubadilishwa

Ngeli hii inahusu mabadiliko ya viumbe wenye uhai, angalau mwanzoni mwa hadithi. Kijikundi chake cha kwanza ni Mpelelezi wa Kuazima. Kati ya 1961 na 1964 Margaret Rutherford aliigiza filamu nne kama Miss Marple, bibi kizee wa kijijini aliyeumbwa na Agatha Christie. Ya kwanza ilitoka kwenye kitabu cha Miss Marple. Ya pili na ya tatu zilitoka kwenye vitabu vya Hercule Poirot, mpelelezi mwingine wa Christie, ambaye hakushirikishwa. Ya nne haikutoka kwenye kitabu chochote. Katika muda wa miaka mitatu mama huyu alihama kutoka nyumba yake, akahamia ya jirani, kisha akajenga kiwanja kisicho na hati. Christie hakuzipenda sana filamu hizo, lakini alimpenda Rutherford kiasi cha kumtabarukia kitabu mwaka 1962. Katika mfululizo wake ulioanza 2004, televisheni ya ITV iliendeleza desturi hiyo kwa kumwingiza Miss Marple katika hadithi ambazo Christie aliziandika bila yeye.

Kijikundi cha pili kinahitaji taaluma yake yenyewe, nasi tunaipendekezea jina la Masharubulojia. Poirot wa kwanza wa filamu, Austin Trevor katika Alibi ya 1931, alikuwa amenyoa. Poirot asiye na masharubu ni sawa na mofimu huru: ipo, ina maana, ila inasikitisha. Historia yote iliyofuata inaweza kusomwa kama jitihada za kulipa deni hilo. Albert Finney aliyapaka mafuta. Peter Ustinov aliyabeba kwa raha kama mtu aliye likizo. David Suchet aliyatunza kwa nidhamu tangu 1989 hadi 2013, katika vipindi 70. Kenneth Branagh, mwaka 2017, alikuja na masharubu yaliyotangulia kuingia chumbani kabla yake. Na katika Death on the Nile ya 2022 yalitungiwa hadi historia ya maisha, inayoanzia kwenye mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hakuna muuaji hata mmoja katika sampuli yetu aliyewahi kupewa heshima hiyo. Msomaji akumbuke jambo hili, tutalirudia.

Kijikundi cha tatu ni Rafiki Asiyeelewa. Daktari Watson wa vitabuni, rafiki wa Sherlock Holmes, ni mtu mwenye akili za kutosha, msimulizi mzuri, askari aliyejeruhiwa. Kwenye filamu ambamo Basil Rathbone alikuwa Holmes, Watson aliigizwa na Nigel Bruce kama mzee anayeshangazwa na milango. Ilichukua miongo kadhaa kumrudishia akili zake. Ziliporudi, zilirudi na ziada: katika Elementary, tamthilia ya Marekani iliyoanza 2012, Watson ni Joan, daktari wa upasuaji wa zamani aliyeigizwa na Lucy Liu, na mara nyingi ndiye anayemwangalia Holmes kwa huruma.

Ngeli ya KI-VI: Kitu Hubadilishwa

Hapa kuna mgogoro wa kisarufi. The Maltese Falcon, riwaya ya Dashiell Hammett ya 1930, inamhusu kipanga. Kipanga aliye hai huenda A-WA pamoja na wanyama wenzake, lakini huyu ni sanamu, kwa hiyo tumemrudisha KI-VI bila kumwomba ruhusa. Kampuni ya Warner Bros. iliipiga picha riwaya hiyo mara tatu katika miaka kumi: 1931, 1936 na 1941. Mara ya pili walimwondoa kipanga mwenyewe na kuweka pembe, na filamu ikasahaulika. Mara ya tatu John Huston alimrudisha kipanga, akamweka Humphrey Bogart, akaufuata mwendo wa kitabu kwa karibu, na filamu ikadumu. Ndani ya hadithi watu wanaulia sanamu inayodhaniwa kuwa ya dhahabu na vito, kumbe ni risasi tupu. Siri za vitu hazilindwi na maadili ya utafiti. Mwaka 2013 sanamu ya risasi iliyotumika kwenye upigaji picha iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 4. Wahusika wa Hammett wangekuwa na subira, wote wangetajirika.

Ngeli hii ina pia kofia na kiko cha Sherlock Holmes. Kofia ile yenye ncha mbele na nyuma mwandishi wake, Conan Doyle, hakuitaja kwa jina. Mchoraji Sidney Paget ndiye aliyemvisha. Kiko kilichopinda kwa kawaida huhusishwa na William Gillette, aliyemwigiza Holmes jukwaani kuanzia 1899. Leo mtu anaweza kumwibia Holmes jina, enzi, jiji na rafiki yake, na bado Holmes akatambulika, ilimradi awe amebeba vitu viwili ambavyo mwandishi hakumpa.

Ngeli ya U-ZI: Wakati na Nyakati

Filamu mbili za mwanzo za Rathbone, za 1939, zilimwacha Holmes katika enzi ya Malkia Victoria. Zilizofuata, kumi na mbili, zilimhamishia miaka ya 1940, na kwa kuwa alikuwa pale, akapewa na Wanazi wa kupambana nao. BBC ilimleta karne ya 21 katika Sherlock ya 2010. Waandishi walipofika kwa Watson walikuta hawana cha kubadilisha. Kwenye kitabu cha 1887 ni daktari wa jeshi aliyerudi na jeraha kutoka Afghanistan. Mwaka 2010 naye ni daktari wa jeshi aliyerudi na jeraha kutoka Afghanistan. Huu ndio ushahidi pekee katika utafiti wetu unaochekesha hadi mtu aanze kuufikiria.

Ngeli ya PA-KU-MU: Mahali

Mwaka 1939 Christie alichapisha riwaya inayojulikana sasa kama And Then There Were None: watu kumi wanaalikwa kisiwani na mwenyeji wasiyemjua, na wanaanza kupungua. Filamu ya 1945 ilibaki kisiwani. Ya 1965 ilipandisha wageni kwenye jumba la mlimani lenye theluji. Ya 1974 iliwapeleka hoteli moja katika jangwa la Iran. Ya 1989 iliwaleta safarini Afrika na kuwalaza kwenye mahema, kana kwamba idadi yao ilihitaji kusaidiwa na simba.

Sarufi yetu inatofautisha pale pa mahali mahususi, kule kwa mahali pasipo dhahiri, na mle mwa ndani. Wasomi wa filamu wamehangaika na PA: kisiwa gani, jangwa lipi. Ushahidi unaonyesha kwamba PA hubadilishwa bila madhara. Isiyoguswa ni MU. Maji, theluji na mchanga vinafanya kazi moja tu, kuwazuia walio mle wasitoke na walio nje wasiingie. Treni ya Orient Express ilipokwama kwenye theluji nayo iligeuka kuwa mle. Mauaji yakitokea uwanjani saa saba mchana, watu wakipita, hiyo si riwaya ya upelelezi; hiyo ni taarifa ya habari.

Ngeli ya LI-YA: Jambo la Mwisho

Watazamaji wa Afrika Mashariki wana sheria ambayo haijaandikwa popote na haijawahi kuvunjwa bila manung'uniko: stelingi hafi. Riwaya ya watu kumi inaipuuza kabisa, na jina lake limeshakuonya. Lakini mwaka 1943, alipoigeuza kuwa tamthilia ya jukwaani, Christie mwenyewe aliwaachia wawili uhai na mapenzi juu yake. Filamu ya 1945 ilifuata jukwaa, na nyingine zikafuata filamu. Ilibidi filamu ya Kisovieti ya Stanislav Govorukhin, ya 1987, irudishe mwisho wa kitabu, yaani makaburi yote kumi. Kwa hiyo anayelalamika kwamba skrini imemsaliti mwandishi afahamu kuwa msaliti wa kwanza alikuwa mwandishi, akiwa na sababu nzuri: watu walikuwa vitani na tiketi wamelipia.

Wengine hubadilisha muuaji kabisa. The Body in the Library ya ITV, mwaka 2004, ilichomoa mmoja wa wahalifu wa kitabuni na kuchomeka mwingine. Jirani Msemaji aliyesoma kitabu alijigamba saa nzima, kisha akanyamaza. Mtafiti hajawahi kuona matumizi bora zaidi ya uhuru wa kisanaa.

Wapo pia wasiojali. Wakati Howard Hawks anatengeneza The Big Sleep, iliyotoka 1946, swali lilizuka: nani alimuua dereva wa kwenye hadithi? Wakampelekea telegramu mwandishi, Raymond Chandler. Jibu lake lilikuwa kwamba hata yeye hajui. Filamu ikaendelea, dereva akabaki maiti, na hadi leo inahesabiwa miongoni mwa bora za aina yake.

Ngeli ya KU: Kukataa

Ngeli hii ina mwanachama mmoja, lakini mkubwa. The Mousetrap, tamthilia ya Christie, ilianza kuonyeshwa London mwaka 1952. Mkataba wa haki za filamu ulisema hakuna filamu hadi tamthilia iwe imefungwa kwa miezi sita. Walionunua haki hizo walingoja ifungwe. Wamezikwa, nayo inaendelea. Kila usiku hadhira huombwa isitoe siri. Witness for the Prosecution, filamu ya Billy Wilder ya 1957, nayo ilifunga kwa ombi la namna hiyo. Filamu ya watu kumi ya 1965 ilikwenda upande wa pili: ilisimama kwa dakika moja kabla ya mwisho ili watazamaji wabashiri. Ni dakika pekee katika historia ya sinema ambapo Jirani Msemaji alikuwa ndani ya sheria.

Mjadala

Matokeo yakipangwa pamoja, yanaonyesha jambo la ajabu. Tulidhani kiini cha riwaya ya upelelezi ni jina la muuaji. Ndilo tulilofichiwa, ndilo tunalogombania. Lakini muuaji ndiye anayebadilishwa kwa urahisi kuliko wote, na The Big Sleep inathibitisha kwamba anaweza hata kukosekana. Asiyebadilishika ni mpelelezi na adabu zake, na asipokuwepo mpelelezi, basi mle mnamofungwa mlango. Watu hurudia vipindi vya Suchet wakimjua muuaji kwa jina la baba na la babu. Hawamfuati muuaji, wanataka kumwona mtu mfupi mwenye masharubu akiwakusanya sebuleni. Kwa lugha ya kisarufi, mpelelezi ni mzizi, na muuaji ni kiambishi tu.

Mapendekezo

Kwanza, Masharubulojia ianzishwe kama somo la kujitegemea. Pili, utafiti zaidi ufanyike, kwa kuwa makala ya kitaalamu hayaruhusiwi kumalizika bila sentensi hiyo.

Tatu, tunawageukia watengenezaji filamu wa kwetu. Muhammed Said Abdulla alituachia Bwana Msa, aliyetokea Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960 na ambaye wahakiki hawachoki kumlinganisha na Holmes. Unguja ina mle za kutosha: majumba ya mawe, ua wa ndani, vichochoro ambamo wawili hawapishani bila kusalimiana. Ngeli zote zilizoorodheshwa hapa ziko wazi kwenu. Hamisheni mwaka, hamisheni kijiji, mtoeni mjomba mwekeni shangazi. Kiko cha Bwana Msa kibaki. Rafiki yake Najum abaki, na aendelee kuuliza maswali yanayojibika. Muuaji mchagueni wenyewe, hata kwa kura.