Kafara ya Wifi

Jaime Lannister aliapishwa kutooa akiwa na umri wa miaka 15, na mavyaa wangu hajalikubali jambo hilo mpaka leo. Kiingereza hakijui, lakini Game of Thrones anaijua kuliko wengi walioiona. Tulipokuwa tukiitazama sebuleni kwetu Tanga baada ya isha, mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake, na pale tamthilia ilipofupisha nilimrejeshea yaliyomo katika vitabu vya George R. R. Martin. Nilimweleza kwamba vitabuni kijana yule aliingia Walinzi wa Mfalme kwa shauri la Cersei, dada yake pacha na mpenzi wake, ili akwepe kuozwa Lysa Tully na abaki karibu naye mjini. Kisha baba yao akakasirika, akamchukua Cersei na kurudi naye kwao. Mavyaa akaweka kikombe chini.

"Basi hicho si kiapo," alisema. "Hiyo ni hila ya wapenzi, na imewarudi wenyewe."

Wifi yangu hakukubali. Yeye ni fundi cherehani, na anaamini mapenzi kwa moyo wote. Kwake Jaime alikuwa mtu wa Brienne wa Tarth tangu safari yao ya matopeni, na viapo vyote vya nyuma vilikuwa kizuizi cha kuondolewa njiani. Walishindana juu ya hilo huku wakichambua mchele, wakifua, hata wakisubiri zamu ya maji.

Mume wangu alishika upande wa Ukuta, wanakolinda Walinzi wa Usiku. Hao huapa kutooa, kutomiliki ardhi na kutozaa, na sisi wengine tulidhani fumbo lote ni Jon Snow, mmoja wao, na mpenzi wake Ygritte: je, kule pangoni alivunja kiapo? Mume wangu akasema kiapo chenyewe hakikutaja zinaa, na wenzake Jon walikuwa wakienda kwa malaya wa Mole's Town bila kukatwa vichwa. Jaribu lilikuwa kwingine. Mzee Aemon, mwana wa mfalme aliyekataa taji na kwenda Ukutani ili asije akatumiwa dhidi ya mdogo wake Aegon, alimfafanulia Jon kwamba askari hunyimwa mke na mtoto ili siku ya kuchagua asiwe na ampendaye kuliko wajibu. Mwenyewe alibaki palepale, kipofu na mkongwe, jamaa zake walipouawa kusini. Mavyaa alimlilia Aemon. Ygritte hakumlilia, alisema msichana yule alijua vitani kuna mishale.

Tulipofika msimu wa mwisho, ule wa mwaka 2019, mavyaa alitaka tuape kwamba hakuna atakayetangulia kuona sehemu inayofuata. Kila mtu akaapa. Wifi alimshika mama yake mkono akasema wallahi.

Ikaja sehemu ya pili, usiku wa kuamkia vita. Brienne anapiga goti mbele ya Jaime, naye anampa heshima ya upanga ambayo kwa mila zao wanawake hawapewi. Uso wa yule mwanamke akiinuka! Nimeitazama mara nyingi na kila mara koo hunikaba. Tulizima televisheni, tukaagana, wifi akalala kwenye mkeka palepale sebuleni kwa kisingizio cha joto.

Asubuhi tulikuwa kwenye chai na maandazi, binti yangu akasema Brienne ataolewa tu, hata iweje.

"Aolewe na nani," wifi alijibu akimega andazi, "na mtu mwenyewe anamwacha analia uani, anamfuata dada yake?"

Alipogundua alichokisema, andazi lilikuwa limefika mdomoni. Mume wangu akasimama. Binti yangu akaangua kilio kama aliyefiwa. Kabla hatujapata la kusema, mwanangu mdogo aliingia kutoka ukumbini, miguu imelowa, akiuliza kwa nini friza inatoa maji. Uniti za luku zilikuwa zimekwisha usiku. Feni na televisheni vilikuwa vimekesha na wifi mpaka mwisho wa sehemu ya nne, na changu na vibua tuliojiwekea akiba walikuwa wanaelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka.

Nilinunua uniti kwa simu, tukatoa samaki wote, tukawapanga kwenye masinia na kuwanusa mmoja mmoja. Walioharibika walikwenda kwa paka. Tukiwa bado tunanusa, kesi ilianza. Mume wangu alimtetea dada yake: kiapo cha kupitiwa na ulimi, kisicho na nia, Mungu hamshiki mtu kwacho. Wifi akaudaka utetezi huo kwa mikono miwili. Mavyaa akamwangalia tu.

"Ulinishika mkono," alisema. "Ulimi unateleza. Mkono nao uliteleza?"

Wifi akainamisha kichwa, akauliza atoe nini.

Swali hilo ndilo ninalolikosa katika dunia ile ya Martin. Kwetu kiapo kilichovunjwa kina kafara: kulisha masikini kumi, au kuwavisha, au kuacha mtumwa huru, asiyeweza hufunga siku tatu. Na aliyeapa jambo kisha akaona lililo bora kuliko hilo, hutenda lililo bora na kutoa kafara yake. Ukutani hakuna mlango huo. Sura ya kwanza ya kitabu cha kwanza, cha 1996, ina mlinzi mtoro anayekatwa kichwa, ingawa alikimbia kwa hofu iliyomtoa akilini. Jaime alimuua mfalme Aerys aliyetaka kuuchoma mji mzima kwa moto wa kemikali. Akaokoa maelfu, akabaki na jina la msaliti, na siri hiyo akaimeza miaka mingi hadi alipomtolea Brienne bafuni kule Harrenhal. Barristan Selmy aliacha mchumba na urithi katika mwaka wake wa 23, akashika kiapo, na uzeeni bado anamwaza Ashara Dayne ambaye hakuwahi kumwambia neno. Aliyevunja na aliyeshika, wote wanaozea ndani. Naamini ndiyo maana mapenzi ya vitabu vile hayafiki mwisho: hakuna pa kulipia ili mtu aanze upya.

Wifi alilipia. Mavyaa alisema chakula kiwe cha wastani wa tunachokula wenyewe, si makombo, kwa hiyo samaki waliobaki wazima walipikwa kwa nazi, na mchele, nazi na ndimu wifi alinunua kwa fedha za magauni aliyoshona. Wageni kumi walikaa mkekani. Mzee mmoja, aliyewahi kufanya kazi majahazini, aliuliza kafara ni ya kiapo gani. Wifi akamsimulia yote bila kuficha, hadi Brienne uani.

"Huyo mwanamume," mzee akauliza, "hakuwahi kufunguliwa kiapo chake?"

Hapo nikaingia. Alipewa nafasi hiyo: baba yake Tywin alitaka atoke katika Walinzi wa Mfalme awe mrithi wa nyumba yao, naye akakataa. Na vitabuni, Cersei alipomwandikia barua ya kumsihi aje amwokoe, Jaime aliagiza itupwe motoni. Baadaye Brienne alimjia kule Pennytree, akamwambia amempata msichana waliyemtafuta, akaondoka naye. Hapo ndipo kitabu cha tano, cha 2011, kinapowaacha wawili hao, na cha sita hakijatoka.

"Kumbe hajamwacha," mzee alisema.

Wifi alisahau kijiko mkononi. Alinigeukia, uso umemng'aa, akataka nimsomee ukurasa wenyewe wa Pennytree leo hii. Mume wangu akasema Brienne hapo anamdanganya Jaime, anampeleka mtegoni, na kwamba uongo wa kuokoa roho ya mtu nao una hukumu yake. Mzee akamkatalia, mavyaa akamkatalia mzee, na binti yangu akataka kuapa kwamba kitabu cha sita kitawaoza. Mavyaa akamwekea kiganja mdomoni: kuhusu kitabu cha sita, ndani ya nyumba hii haapi mtu.